Pikapu Iliyougua kwa Kupumzishwa

Bukini wakianza kupita juu ya Lewistown kuelekea kusini, mimi huwa sifai kwa kazi yoyote. Naweka birika jikoni, nalisahau. Nakaa kufuma soksi, nainuka kabla sijafika kisigino. Natoka kuangalia barua na huku najua mleta barua ameshapita. Siku zile mume wangu Arvid alikuwa akishinda kwenye kiti chake kirefu, nyonga yake mpya imewekewa mto, akinitazama nikiingia na kutoka.

"Mama Karleen," akasema, "unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Basi kiache hapo hapo ulipokikosa, uje ukae."

Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa nje, ubavuni mwa nyumba, pua yake imeelekea barabarani. Ni nyumba yetu ya magurudumu: kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja, na choo ambacho mtu mnene lazima akiingie kinyumenyume. Pembeni yake ilisimama pikapu ya dizeli ya kuivutia. Tangu Arvid astaafu kwenye maghala ya ngano, kila Oktoba tulikuwa tukiifunga nyumba ile nyuma ya pikapu, tunashuka nayo mpaka jangwa la Arizona, tunakaa na wenzetu mpaka theluji ya Montana ichoke yenyewe. Kule jioni kila mtu hutoka na kiti chake na bakuli lake, tukazunguka moto, na anayechelewa hupata maharage matupu.

Baridi iliyopita hatukwenda. Nyonga ya Arvid ilikuwa imeoza, hata kupanda ngazi mbili za nyumba ile ilikuwa vita. Nikakaa miezi yote nikitazama theluji kwa dirisha moja. Nyumba ya magurudumu nayo madirisha yake ni madogo, lakini picha hubadilika.

Sasa nyonga ilikuwa imewekwa nyingine, ya chuma, naye alikuwa anatembea kwa mkongojo mmoja tu. Nikajua mwaka huu tunaondoka. Arvid akasema hapana. Akasema tumemaliza. Alikuwa ameshapata wanunuzi, kijana mmoja wa Billings aitwaye Colter na mkewe, waje Jumamosi kuangalia pikapu na nyumba vyote viwili. Wakipenda, wafunge, waondoke navyo.

"Daktari hajaniruhusu kuendesha," alisema.

"Mimi ninaruhusiwa."

Akageuza uso kwenye televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

Lazima niwaeleze jambo hili. Pikapu ikiwa peke yake niliiendesha kila siku, posta na dukani. Nikiwa msichana niliendesha lori la ngano wakati wa mavuno, na shule yangu iliishia darasa la nane kwa sababu ya lori hilo hilo. Lakini nyumba ikishafungwa nyuma, usukani ulikuwa kama mswaki wa Arvid: hauazimwi. Mimi nilikuwa mtu wa kumenya machungwa, kusoma ramani na kutega vitendawili ili dereva asisinzie.

Vitendawili vyetu vilikuwa na sheria. Anayeshindwa hutoa mji, na kwa kuwa tulikuwa na magurudumu, mji ukitolewa tunauendea kweli. Arvid alishindwa kile cha nyama ya nje na ngozi ya ndani, ambacho ni firigisi ya kuku na hata mtoto anakijua, akanipa Winnemucca, kule Nevada. Tulipoteza siku nzima kwenye joto, tukala kondoo mkubwa kuliko meza, na hakuna aliyejuta. Mwaka ule tuliokaa nyumbani sikutega hata kimoja. Ukitega kitendawili mbele ya kabati la vyombo, utapewa mji uufanyie nini?

Binti yetu Karleen alipiga simu kutoka Great Falls.

"Mama, uza tu. Mmefanya kazi maisha yenu yote. Sasa pumzikeni."

"Nimepumzika mwaka mzima. Nimechoka."

"Unajua ninachosema."

"Najua, mwanangu. Wewe ndiye hujui unachosema."

Akacheka, nami nikacheka, simu ikakatwa, nikarudi tena nje.

Nilikuwa nimeanza mchezo wangu. Leo napeleka blanketi kwenye nyumba ya magurudumu, kesho sufuria. Nilijiambia ni ili wanunuzi wapendezwe, nyumba tupu haina sura. Lakini mnunuzi gani anapendezwa na mitungi ya matango ya siki? Nikapeleka mitungi. Nikapeleka unga, kahawa, viatu vyangu vya jangwani, soksi za Arvid. Nikajaza tangi la maji, eti nijaribu pampu kama inafanya kazi. Arvid alisikia mlango ule ukifunguliwa na kufungwa siku nzima, hakuuliza.

Alhamisi nikitoka posta, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na maandishi chini yake: chujio la moshi linakaribia kujaa. Nilipokanyaga mafuta kupanda kilima cha kwetu, pikapu ikavuta pumzi kama mzee mwenye pumu. Nikaingia ndani na funguo mkononi.

"Gari lako linaumwa."

Arvid alisimama haraka kuliko daktari alivyoagiza. Akatoka na mkongojo, akainama kwenye bomba la moshi, akanusa, akagusa, akatazama taa.

"Nini kimeipata? Mwaka mzima nimeitunza kama yai."

Na kweli aliitunza, hapo ndipo kosa lilipokuwa. Wazee wa huku wana imani kwamba gari la kuvuta mzigo likimaliza kazi lipumzishwe. Arvid aliniamuru niiendeshe polepole, posta na kurudi. Asubuhi za baridi aliiwasha akaiacha ikinguruma pale pale uani mpaka vioo viote joto, akisema anaiamsha kwa heshima. Alisahau, yeye aliyezoea kuikanyaga milimani, kwamba dizeli za siku hizi zina chujio la kukamata masizi, na masizi hayo hayaungui mpaka bomba lipate moto mkali, na moto mkali hauji bila safari ndefu na mzigo. Mwaka mzima wa posta ulikuwa umeiziba koo.

Akapiga simu gereji. Nilisikia sauti ya fundi upande wa pili ikisema wao wamejaa mpaka wiki ijayo, lakini kwa taa ya njano hakuna haja yao. "Ifungie nyumba yako nyuma, mzee. Uipeleke barabara kuu, usisimame, mpaka taa izime. Ikifika nyekundu ndiyo uniletee."

Arvid akakata simu, akaiweka mezani, akaitazama.

"Mpigie Colter umwambie kuna taa," nikasema. "Umpunguzie bei."

"Sijawahi kumuuzia mtu gari lenye taa."

"Basi ahirisha."

"Nimeshampa neno langu Jumamosi."

"Basi nani ataendesha?"

Akautazama mkongojo wake. Nikaenda kuchukua koti langu.

Wanandoa wenye nyumba za magurudumu wana mtihani mmoja. Kanisani hawaufundishi. Mmoja anarudisha gari nyuma, mwingine anasimama nyuma akipunga mikono, mpaka mpira wa chuma wa pikapu ukae chini ya pua ya nyumba. Nimeona ndoa zilizovuka vita na ukame zikifia pale. Siku zote mpungaji nilikuwa mimi. Siku ile mara ya kwanza nilimwona Arvid kwenye kioo, amesimama na mkongojo wake kama polisi wa barabarani.

"Kushoto," akapaza sauti.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa gari."

"Gari halina mkono, Baba Karleen."

"Njoo. Njoo. Njoo. Nimesema simama."

"Umesema njoo."

"Nilisema simama moyoni."

Nikateremka, nikaangalia mwenyewe. Mpira ulikuwa umepita upana wa kiganja. Nikarudi nikausogeza bila kumtazama, ukakaa. Nikateremsha pua, nikafunga komeo, nikapiga pini, nikapitisha minyororo kwa kukatana chini ya pua ili ikichomoka idakwe, nikachomeka waya wa taa. Yeye alinifuata nyuma akigusa kila kitu nilichogusa. Alipofika kwenye springi za nyuma za pikapu akasimama kidogo, akazitazama zilivyolala, akanitazama mimi. Nikadhani ataniuliza. Akasema tu, "Twende."

Mpango wetu ulikuwa kwenda mpaka mji wa Harlowton, kugeuza kwenye uwanja mpana wa maghala, na kurudi nyumbani. Arvid alikalia kiti changu. Hakujua aiweke wapi mikono. Mara magotini, mara kwenye mshikio wa mlango, mara akaifumbata. Nilimpa chungwa amenye, akalishika tu.

"Mwendo wako mdogo," alisema.

"Nimetoka sasa hivi getini."

"Usiikatie kona. Nyumba hukata kona kuliko gari."

"Nimekusikia ukijiambia hivyo miaka yote. Naijua kama sala."

Tulipoingia barabara ya kusini, milima ya Snowy ikiwa kushoto na kilele kimeshapata weupe, nilikanyaga. Injini ikagutuka, ikakohoa, halafu ikashika. Nilisikia uzito wa nyumba ukinivuta mgongoni, nikausikia na mkononi, nikakumbuka lori la ngano. Kile kilichokuwa kikinitembea kifuani wiki nzima hakikutulia, la, lakini sasa angalau kilikuwa na pa kwenda. Nje, ngano ilishavunwa, mabua yamelala. Bukini walikuwa kwenye mabua wakila, nao kila dakika kundi linainuka, linazunguka, linatua tena. Nawaelewa.

"Harufu hiyo," Arvid akasema, akishusha kioo kidogo. "Unaisikia? Ameanza kuunguza masizi."

Kweli, harufu ya chuma cha moto ilikuwa inatufuata.

"Usipunguze sasa. Ukimkatiza katikati ni vibaya kuliko kutoanza."

Ndivyo tulivyofika Judith Gap, nami siwezi kupunguza. Mtu yeyote wa hapa anaujua upepo wa Judith Gap. Milima inaachia uwazi mmoja tu, na upepo wote wa Montana unakubaliana kupitia hapo. Ndiyo maana wamejaza mapangaboi marefu ya kuzalisha umeme. Siku ile yalikuwa yanazunguka kama yamefukuzwa. Na mbele yetu, likitujia, lori la ng'ombe.

Liliponipita, upepo ulikatika, halafu ukarudi kwa kofi. Nyumba nyuma yangu ikaenda kulia. Ikarudi kushoto. Kwenye kioo niliiona ikitokeza upande huu, halafu upande ule, na kila mara zaidi, kama mkia wa mbwa anayeelekea kung'ata. Usukani ukawa mwepesi mkononi.

Hapo mguu wa kila mtu hukimbilia breki. Ukikanyaga, gari linasimama na nyumba haijui, inakuja kukupita. Chini ya dashibodi kuna kijiwenzo cha kubana kwa vidole, hicho kinashika breki za nyumba peke yake. Nilimwona Arvid akinyoosha mkono kukitafuta. Vidole vyake vikakuta vyangu viko pale pale, vimeshabana. Mguu nimeuacha kwenye mafuta. Nyumba ikajivuta nyuma, ikanyooka, ikayumba kidogo kwa aibu, ikatulia.

Mkono wake ulibaki juu ya wangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani alikufundisha?"

"Nimekaa kwenye kiti hicho ulichokalia tangu ulipostaafu. Ulidhani nilikuwa namenya machungwa tu?"

Akaurudisha mkono wake magotini. Baadaye kidogo akaanza kumenya lile chungwa. Akanipa kipande, nami nikala huku macho yako barabarani. Nikahisi anaitazama barabara kwa namna nyingine, anatazama na pembeni, yale ambayo dereva hayaoni.

"Kumbe kuna swala wengi hivi," akasema.

"Wako siku zote."

Taa ya njano ilizimika tulipoanza kuteremka Harlowton. Hatukusherehekea. Arvid aliigonga dashibodi kwa kidole, kama mtu anavyomgonga farasi shingoni. Uwanja wa maghala ukatokea upande wa kulia, mpana, mtupu, pa kugeuzia hata treni. Nikaingia, nikazunguka polepole, nikasimama pua ikiwa imeelekea barabarani. Kushoto ni kurudi Lewistown. Kulia ni kusini. Injini ilikuwa inanguruma laini, koo safi.

"Basi," Arvid akasema. "Amepona. Jumamosi kijana atapata gari zima."

"Na baada ya wiki mbili za posta?"

"Huyo ana kazi nalo. Atavuta."

Nikaweka mikono juu ya usukani. Sikuwa na hoja nyingine. Hoja zote nilikuwa nimezimaliza jikoni. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikukitumia mwaka mzima.

"Kitendawili," nikasema.

Aligeuka akanitazama. Nilidhani atasema si wakati wake. Upepo ulikuwa unaitikisa nyumba kwa nyuma yetu, nayo inatutikisa sisi.

"Tega," akasema.

"Nina mzee wangu. Akilazwa anaugua, akitwishwa anapona."

Sasa nyinyi wasomaji mmeshajua. Yeye alijua kabla yenu. Ndiye aliyenieleza zamani habari za masizi na moto, ndiye aliyenusa bomba. Jibu lilikuwa linanguruma chini ya miguu yake. Akatazama mbele. Akakuna kidevu. Akaitazama milima ya Crazy kule kusini-magharibi ilivyokaa na theluji yake.

"Ni punda?"

"Si punda."

"Kisu? Kikikaa kinapata kutu."

"Kisu hakitwishwi."

"Basi kimenishinda."

"Fikiri tena, mzee. Si kigumu."

"Nimesema kimenishinda, bibi. Mtu akishindwa ameshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Lewistown."

Lakini mtegaji ana haki ya kuukataa mji, na hilo ni sheria ya zamani kuliko sisi.

"Huo siutaki. Ninao tayari, umeniishia."

Akashika mkongojo wake katikati ya magoti, akauzungusha.

"Mimi nitakuwa na kazi gani huko njiani, LaVonne? Hilo ndilo linalonisumbua. Siwezi kufunga, siwezi kufungua, siwezi kuendesha. Nitakuwa mzigo."

"Si umesikia kitendawili? Mzigo ndio dawa."

Akacheka kwa pua, cheko fupi, lisilotaka kusikika.

"Hatuna hata mswaki," akasema.

Nikatazama kioo cha pembeni.

"Nyumba ni nzito," akaendelea, bila kunitazama. "Niliziona springi kabla hatujatoka getini. Na kwenye kilima cha kwanza nikasema, nyumba tupu haivuti hivi. Tangi la maji limejaa. Umepakia nini?"

"Kidogo tu."

"Vidonge vyangu?"

"Vipo."

"Matango ya siki?"

"Mitungi yote."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari za msiba wa mbali. Halafu akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho ili aone namba, akabonyeza.

"Colter? Arvid hapa, wa Lewistown. Kijana, nilikupa neno langu na sasa nalirudisha, unisamehe. La, halina tatizo. Hata taa moja haiwaki." Akasikiliza. "Ni hivi, mke wangu analitumia."

Akarudisha simu mfukoni, akajifunga mkanda upya ingawa ulikuwa umefungwa, akautafuta mfuko wa machungwa miguuni.

"Nakupa Big Timber, huko kusini," akasema. "Ni mji mdogo, usinune. Kitendawili kigumu ndicho hupewa mji mkubwa."

Nikawasha taa ya kulia.

"Na uingie polepole," akasema. "Nyumba hukata kona."